Barua ya wazi: Kanda za sauti zilizofungiwa makabatini mwa vyuo vya Nyanda za Juu Kusini

Kwa Makamu Wakuu wa Vyuo, Wakuu wa Vyuo, Wakurugenzi wa Maktaba na Maafisa Manunuzi,
Iringa, Njombe, Mbeya na Songwe.

YAH: KANDA ZA MIHADHARA, MAHOJIANO NA USOMAJI WA MASHAIRI

Waheshimiwa, husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Sisi tunaoandika ni mafundi wa sauti, wakutubi na watunza nyaraka wa vyuo vya mikoa hii. Ombi letu tunaliweka mwanzoni ili hata mwenye kikao saa nne alipate. Kabla hamjapitisha bajeti ya seva na kompyuta za maktaba ya kidijiti, tengeni fedha za kununua na kufufua mashine za kuchezea kanda. Kisha mteueni fundi mmoja na mkutubi mmoja ambao kwa mwaka mmoja na nusu hawatapewa kazi nyingine. Kompyuta mtaipata hata mwaka ujao. Deki nzuri ya kaseti inazidi kuadimika, na mzee anayeweza kusikia sauti isiyo na lebo akasema "huyu ni fulani, na hapo ni ukumbi wa zamani" hatatusubiri.

Yaliyomo makabatini tunayajua. Kuna mihadhara ya hadhara na midahalo. Kuna mahojiano ambayo wanafunzi wa historia, isimu na kilimo waliyafanya vijijini kwa Kihehe, Kibena, Kinyakyusa, Kisafwa, Kinyiha na Kikinga. Kuna mashairi na ngonjera za siku za mahafali. Nyingi zimo kwenye kaseti za dakika 60 na 90. Za zamani zaidi zimo kwenye rili zenye utepe wa milimita 6.3, hasa zile rili ndogo za sentimita 13 zilizozoeana na mashine za kubeba begani kama Uher 4000.

Tumewahi kuulizwa kwa nini tusinukuu maneno yote kwenye karatasi tukaachana na kanda. Kihehe na Kibena ni lugha za toni, na tahajia ya kawaida haiandiki toni. Mwanaisimu akipewa karatasi peke yake amepewa nusu ya neno. Shairi nalo likiandikwa vina na mizani vinabaki, mahadhi yanapotea. Ngonjera ndiyo inayoumia zaidi. Pale mmoja anapomdakiza mwenzake kabla hajamaliza kituo na ukumbi ukacheka, karatasi inaonyesha beti mbili zilizofuatana kwa adabu.

Mwaka 2019 UNESCO na chama cha kimataifa cha nyaraka za sauti, IASA, walianzisha mradi wa kutoa tahadhari kuhusu kanda za sumaku, wakautaja mwaka 2025 kuwa ukingo. Sababu yao haikuwa kwamba kanda zote zitaoza siku moja. Walisema mashine zinazofanya kazi, vipuri na mafundi vitakuwa vichache kiasi kwamba kuhamisha makusanyo makubwa hakutawezekana kwa gharama ya kawaida. Hali hiyo hapa kwetu tayari tunaiona.

Tuanze basi na mashine. Kile kifaa kidogo cha kaseti cha kuchomeka kwenye USB kisinunuliwe. Mota yake haishiki kasi, kwa hiyo sauti inayumba. Vingi vinajipandishia na kujishushia sauti vyenyewe, hivyo msemaji akinyamaza kuvuta pumzi mvumo unapanda, akianza tena unazama. Na kasoro hizo zikishaingia kwenye faili hazitoki. Kinachotakiwa ni deki ya mezani, kama ile Tascam 122 iliyoundwa kwa ajili ya studio, iliyotumika lakini iliyopita mikononi mwa fundi: belti mpya, kigurudumu cha mpira kizima kisicho na mng'ao, vichwa visivyolika, na kasi iliyopimwa kwa kanda ya majaribio.

Kwa rili, Revox B77 ni chaguo zuri, ila hapo ndipo pana mtego. Zipo za njia mbili na za njia nne, yaani mistari ya sauti iliyolala sambamba kwenye utepe. Zipo zinazokwenda kwa sentimita 9.5 na 19 kwa sekunde, na zipo za 19 na 38. Ukinunua ya 19 na 38, rili iliyorekodiwa kwa 9.5 haitachezeka kwa kasi yake, na mahojiano mengi ya vijijini yalirekodiwa kwa kasi za chini ili kuokoa utepe. Kompyuta inaweza kuipunguza kasi baadaye, lakini uwiano wa besi na sauti za juu unakuwa umeharibika na inabidi kuusahihisha kwa mkono. Ukicheza utepe wa njia nne kwa kichwa cha njia mbili, chini ya mhadhara utasikia mtu wa pili akizungumza kinyumenyume: huyo ni upande wa pili wa kanda. Maswali haya yaulizwe kabla ya kulipa, kwa maandishi.

Maafisa Manunuzi, tunawaomba uvumilivu hapa. Mashine hizi ni mitumba. Sharti la nukuu tatu za bidhaa mpya yenye waranti litazaa jambo moja tu: mtaletewa kile kifaa cha USB, kwa sababu ndicho chenye risiti. Kaeni na fundi, andikeni maelezo ya kiufundi, na ombeni mapema idhini ya kununua kutoka chanzo kimoja. Nunueni deki mbili za aina ile ile, moja ya kufanyia kazi na ya pili ya kutolea vipuri.

Matengenezo mengi yanawezekana hapahapa. Belti iliyokaa miaka bila kuzunguka huwa imelegea, au imegeuka lami inayong'ang'ania puli. Fundi redio mzuri wa Mwanjelwa, Mbeya, au Miyomboni, Iringa, anaiondoa kwa spiriti ya isopropili, anapima njia ya puli kwa uzi na kutafuta belti iliyo fupi kidogo kuliko ile iliyolegea. Ikikaza mno inachosha mota. Ikilegea, kasi inayumba na vokali ndefu zinatetemeka. Spiriti iwe ya asilimia 99. Ile ya hospitali ya asilimia 70 ina maji, na spiriti ya jiko ina rangi. Vichwa na kipini cha chuma kinachovuta utepe vipanguswe kwa pamba ya kijiti kila baada ya kanda, na kwa kanda chafu hata katikati. Kwenye mpira spiriti isitumike ovyo, maana inaukausha. Kitambaa chenye maji kidogo ya sabuni kinatosha, kisha uachwe ukauke.

Kanda yenyewe nayo ina masharti. Kazi ya kwanza inapotolewa kabatini ni kuvunja vile vidole viwili vya plastiki mgongoni ili isirekodiwe juu yake. Inachukua sekunde tano, na ingekuwa imefanyika zamani tusingekuwa na mihadhara inayokatika ghafla ukaingia muziki wa dansi. Izungushwe kwa kalamu ya Bic au penseli kuhakikisha haijanasa, kisha ipelekwe mbele hadi mwisho na kurudishwa mara moja ili ijikunje kwa mkazo ulio sawa. Za dakika 120 zisipelekwe kwa kasi kabisa. Utepe wake una unene wa mikroni 9 hivi, nusu ya ule wa dakika 60, na unanyooka au kujisokota haraka. Kile kijimto cha sufi kinachousukuma utepe kwenye kichwa kikiwa kimebanduka, sauti inakuwa hafifu na yenye vumbi, na wengi wanadhani kanda imekufa. Haijakufa. Utepe unahamishiwa kwenye ganda jipya la skrubu. Ganda lililounganishwa kwa gundi linapasuliwa taratibu kwenye mshono. Utepe uliokatika unaungwa kwa utepe maalumu wa kuungia kanda, kamwe si selotepu: gundi ya selotepu huchuruzika, ikagandisha mzunguko mmoja na mwingine.

Rili zitazamwe kwa taa kabla ya kuguswa. Shika rili mbele ya mwanga utazame upande wake: utepe wa asetati hupitisha mwanga, wa poliesta hauupitishi. Wa asetati ukianza kuharibika hunuka siki, na hewa yake huharakisha uharibifu wa jirani zake, kwa hiyo utengwe chumba kingine na uwe wa kwanza kunakiliwa. Rili za poliesta za miaka ya 1970 na 1980 zenye mgongo mweusi usiong'aa zina ugonjwa mwingine. Gundi inayoshika chembe za sumaku hunyonya unyevu na kunata, utepe unapiga kelele ukipita kichwani na kuacha uji wa kahawia. Ukiona hivyo, simamisha mashine. Dawa inayojulikana ni kuupasha joto la nyuzi 50 hadi 54 za Selsiasi kwa saa nane au zaidi, uugeuze mara kwa mara, uupoeze kwa muda kama huo, kisha uunakili ndani ya wiki chache kabla hali haijarudi. Idara za baiolojia zina tanuri za maabara zenye kidhibiti joto, na hizo ndizo za kuazima. Jiko la kantini halina nafasi hapa. Asetati haipashwi joto, kaseti za kawaida pia haziingii humo.

Hali ya hewa yetu inatupa nafuu ambayo wenzetu wa Pwani hawana. Mbeya na Iringa ziko juu ya mita 1,500, na baridi ya Juni hadi Agosti ni rafiki wa kanda. Ila tusijisifu. Tukuyu mvua inapita milimita 2,000 kwa mwaka, na kabati la mbao lililoegemea ukuta wa nje huota ukungu kabla ya Pasaka. Iringa tatizo ni vumbi la kiangazi, na mchwa wanaoanza na boksi na lebo kabla ya kitu kingine. Kanda isimame wima kama kitabu, sentimita 10 kutoka ukutani na 15 kutoka sakafuni, mbali na spika kubwa na mota, katika chumba ambacho unyevu haupandi na kushuka kila siku. Kipimo cha unyevu ni cha bei ndogo. Asilimia 30 hadi 40 ndiyo inayopendekezwa. Ikipita 65 ukungu unajikaribisha.

Kanda yenye unga mweupe pembeni isiingizwe kwenye mashine, kwa sababu itaambukiza kichwa, na kichwa kitaambukiza kanda zote za siku hiyo. Ifungiwe kwenye mfuko wa karatasi, ikaushwe kwa vipakiti vya silika vinavyonyonya unyevu kwa siku kadhaa mpaka ukungu ugeuke unga mkavu, kisha ipanguswe nje ya jengo kwa brashi laini, na mfanyakazi avae barakoa na glovu. Barakoa hiyo si mapambo. Mbegu za ukungu zinaumiza mapafu.

Sasa kunakili. Karibu na kichwa cha deki kuna skrubu ndogo inayokilaza au kukisimamisha kichwa hicho. Kila mashine iliyorekodi ilikuwa na ulalo wake, na usipolingana, herufi za s, sh na ch zinafifia na msemaji anasikika kama aliyefunikwa blanketi. Ndiyo maana kwa kila kanda fundi husikiliza njia zote mbili zikiwa zimeunganishwa kuwa moja, akageuza skrubu kidogo kidogo mpaka zile s ziwe kali kuliko zote. Dakika moja ya kazi hii inaokoa zaidi ya programu yoyote ya kusafisha sauti. Swichi ya Dolby B, ya kupunguza mvumo wa kanda, iwashwe pale tu lebo inaposema hivyo au sikio la fundi lina hakika. Akikosa hakika anakili bila swichi na aandike hivyo, maana nakala iliyofanywa swichi ikiwa imewashwa kimakosa hairekebishiki vizuri.

Faili liwe WAV, biti 24, sampuli 96,000 kwa sekunde. Mwongozo wa IASA unakubali 48,000 kama kiwango cha chini. Vilele vya sauti viishie kati ya desibeli -10 na -6. Vikigonga sifuri vimekatika na hakuna wa kuvirudisha. Nakala mama isisafishwe hata kidogo: mvumo, kikohozi, jogoo na makofi vibaki. Anayetaka nakala safi ya kusikilizia atatengeneza MP3 kando. Tunasisitiza hili kwa sababu programu za kuondoa mvumo zinapendwa sana na vijana wetu wa TEHAMA, na huchukua mvumo pamoja na pumzi za malenga na mwangwi wa ukumbi.

Umeme. Wakati wa kunakili, kompyuta ndogo itumie betri yake, chaja ichomolewe. Majengo mengi hayana waya wa ardhi unaoaminika, na chaja huingiza mngurumo wa umeme wa 50 Hz (mitetemo 50 kwa sekunde) kwenye kila sekunde. Deki iwe kwenye UPS, kile kifaa kinachoshikilia umeme ukikatika, na radi ikianza kunguruma, kazi isimame na plagi zitoke ukutani. Mngurumo huohuo, ukiwa ulirekodiwa ndani ya kanda, unageuka msaada. Mashine ya begani betri zake zikianza kuisha ilizunguka polepole. Ukiicheza kanda hiyo leo kwa kasi kamili, mzee anaongea kama mtoto. Kama ndani ya kanda umesikika mngurumo wa umeme wa ukumbi, upimwe. Ukisoma 52 Hz badala ya 50, kanda inakwenda haraka kwa asilimia 4, na sasa mnajua kiasi cha kurekebisha. Kanda za kijijini hazina msaada huo, na itabidi kumwita anayeijua sauti ya msemaji.

Kuhusu muda na nafasi, tuchukue kabati lenye kaseti 1,000 za dakika 60. Kila saa ya kanda inakula takriban saa tatu za kazi ukihesabu kusafisha, kulaza kichwa, kusikiliza na kuandika. Fundi mmoja atamaliza saa mbili na nusu za kanda kwa siku, yaani siku 400 za kazi. Saa moja ya sauti ya njia mbili kwa kiwango tulichotaja ni gigabaiti 2 na ushee, hivyo kabati zima ni terabaiti 2 hivi. Diski tatu za terabaiti 4 zinatosha: moja ya kazini, moja kwenye kabati la chuma la jengo jingine, na ya tatu mji mwingine. Vyuo vya Iringa na Mbeya vibadilishane diski hizo za tatu. Kuituma terabaiti 2 kwa intaneti ya megabiti 10 kwa sekunde kungechukua siku 19 usiku na mchana, ikiwa haikatiki. Basi la asubuhi linaifikisha jioni, mkononi mwa mtumishi aliyesaini. Kila faili liwe na hesabu yake ya uhakiki, yaani namba inayobadilika faili likibadilika, MD5 inatosha, na ihakikiwe upya kila baada ya miezi sita. Diski haitoi taarifa inapoanza kusahau.

Orodha ndiyo kazi ya mkutubi, na ndiyo inayopuuzwa. Namba iandikwe kwenye ganda lenyewe kwa kalamu isiyofutika, kwa kuwa lebo hubanduka na boksi huhamia kanda nyingine. Ganda, lebo na karatasi ya ndani vipigwe picha kabla ya kucheza chochote. Kisha yaandikwe: nani anasema, nani anauliza, lini, wapi, kwa lugha gani, mashine gani ilichezea, swichi zipi zilikuwa zimewashwa. Pasipojulikana paachwe wazi. Mkutubi asikisie tarehe ili jedwali lipendeze. Kwa mahojiano ya lugha za kienyeji alipwe mzungumzaji wa lugha hiyo kwa siku, asikilize na kutoa muhtasari kwa dakika, na malipo hayo yawe na kifungu chake, yasiombwe kama hisani.

Kuna suala la haki. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inalinda mihadhara na hotuba kama kazi za mtunzi, na shairi ni la malenga hata kama kaseti ni ya chuo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 nayo inahusu mahojiano yanayotaja magonjwa, ndoa au mashamba ya watu walio hai. Tunapendekeza madaraja matatu: zinazosikilizwa na yeyote, zinazosikilizwa ndani ya maktaba pekee, na zilizofungwa hadi tarehe iliyoandikwa. Kila faili lipangiwe daraja siku linapoingia. Pale jamaa za msemaji wanapopatikana, wapewe nakala bila malipo kabla ya mtu mwingine yeyote. Wengi wao hawana hata picha.

Mwaka wa fedha unaanza Julai 1, na Julai hadi Oktoba ndiyo miezi mikavu ya kufungua makabati. Tunaomba kila chuo kitujibu kwa barua kabla bajeti haijafungwa, kikiambatisha orodha ya kanda kwa idadi na aina, na orodha ya mashine zote za kurekodia na kuchezea, zikiwemo zile zilizobandikwa karatasi ya "mbovu" zikisubiri kamati ya kuondosha mali chakavu. Hizo hasa zisiuzwe kwa kilo mpaka fundi azifungue.

Tunawasilisha.

Mafundi wa sauti, wakutubi na watunza nyaraka wa vyuo vya Nyanda za Juu Kusini